Mpera wa Jirani na Sukuma Yangu

Mpera ulikuwa wa jirani yangu, upande wake wa ua, pale Kimumu. Aliutoa kwa mama yake kule ziwani ukiwa mche ndani ya mkebe, akaupakata njia yote. Alikuwa akisema huo ndio mtu wa kwao pekee aliyehama naye. Mimi ni wa hapa hapa Uasin Gishu, sikuhitaji mti wa kunikumbusha kwetu, na labda ndiyo sababu sikuuona vile alivyouona yeye.

Mwaka ule kiangazi kilikaza na mapera yakaingia funza. Jumapili ya mavuno alipeleka beseni la mapera kanisani, kama ilivyokuwa desturi, kila mtu atoe alichopanda kipigwe mnada baada ya ibada. Mzee mmoja alinunua, akauma palepale, akatema kwenye leso. Watu walicheka kidogo tu. Yeye hakucheka. Jioni aliniambia Jumamosi ataita mtu wa panga, kwa sababu hata sisi majirani nzi wanatusumbua.

Kusema haki, nilikuwa nimelalamika juu ya nzi. Kukata sikutaja. Nilimwomba angoje bwana shamba, ambaye alikuwa akizunguka kwa baiskeli kutoka Soy.

Alipokuja alituelezea polepole. Funza akishiba hutoka kwa tunda lililoanguka, anatafuta udongo wa kujifukia ageuke nzi. Akikuta ardhi ngumu na jua kali, anakauka ama anaendelea na safari. Akikuta unyevu na kivuli, anaingia hapo hapo. Akachimba kwa kisu chini ya mpera, asipate kitu. Jirani alikuwa anafagia uwanja wake kila asubuhi mpaka ukawa mgumu kama simiti.

Kisha bwana shamba akaja upande wangu, mahali matawi yalivuka ua. Hapo ndipo nilikuwa na mboga yangu ya sukuma wiki, niliyoiotesha kwa pakiti za maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, ambazo watoto walileta kutoka shule. Kila jioni niliimwagia maji ya kusuuza nguo, na juu nilitandaza nyasi ili udongo usikauke. Bwana shamba aliinua nyasi, akachota udongo kiganjani. Ulikuwa umejaa vitu vya kahawia, kama punje ndogo za ngano.

"Hapa ndipo wanalala," akasema. "Mama, umewatandikia kitanda."

Alikuwa anatania, na jirani akacheka. Mimi uso uliniwaka. Nikasema nitang'oa sukuma yote, mti ubaki.

"Na watoto wako watakula ugali na nini?" jirani akaniuliza. "Pera ni la kutafuna mtu akipita. Sukuma ndiyo chakula. Wacha."

"Lakini ni mti wa mama yako."

"Mama yangu yuko hai. Nitaenda kumwona."

Bwana shamba alisema kuna njia nyingine: kuokota mapera yaliyoanguka kila siku kabla funza hawajatoka, na kuyafukia kwenye shimo refu. Jirani akasema hiyo si kazi yake, akishafagia anaingia kiwandani na kurudi amechoka. Hakusema kwa ubaya. Halafu akanitazama, na bwana shamba pia akanitazama, na nadhani wote wawili walikuwa wananipa nafasi.

Mimi nilikuwa nashinda nyumbani. Ningesema, mimi nitaokota. Yalikuwa maneno mawili tu. Nilikuwa na mtoto mgongoni, na ng'ombe, na kuteka maji, hayo yote ni kweli. Ila mapera yalikuwa yanaanguka miguuni pangu nikichuma mboga. Sijui kama nilikuwa na sababu au nilikuwa na kisingizio. Nimejaribu kujipima pande zote mbili na bado sijui. Nilijua tu kwamba nikisema nitafungwa na neno langu msimu baada ya msimu, nikatazama chini.

Mpera ulikatwa Jumamosi. Nzi walipungua, hilo lazima niliseme.

Jioni jirani alinipitishia matawi juu ya ua, mzigo baada ya mzigo, akisema kuni za mpera zinakaa na moto. Nilimwambia abaki nazo. Akasema zake zinamtosha, na mimi ndiye nina watoto wengi. Nikazipokea, nikazianika nyuma ya nyumba. Zilipokauka nikapikia sukuma.