Maji Mekundu ya Kidimbwi cha Baba

Nilipokuwa mtoto, maji ya kidimbwi cha bustani yetu Moroni yaligeuka mekundu, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikwisha kumjua mkosaji: mama yangu. Nani mwingine? Alikuwa mtu wa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, na kisiwa hicho kilikuwa kimejitangaza kujitenga na visiwa vyetu vingine. Pale sokoni Volo Volo wauza samaki walijifanya hawamsikii akiuliza bei. Wenzangu wa dawati moja waliniuliza sisi tutaondoka lini.

Kidimbwi alikijenga baba mwenyewe, kwa mawe meusi ya mlima na saruji, akatia samaki wadogo na mayungiyungi. Kisiwa chetu cha Ngazidja hakina mito. Maji tunakinga ya mvua na kuyatunza birikani. Kwa hiyo majirani walinung'unika tangu mwanzo kwamba maji ya kuchezea, yamesimama tu uani bila kazi, huita majini. Yalipobadilika rangi walifurahi, wallahi walifurahi. Wakasema jini wa maji amemfuata mtu wake kutoka Ndzuani, na sasa anataka damu.

Shangazi ndiye aliyelivalia njuga jambo hilo. Nyumba ilikuwa yake. Kwetu Ngazidja nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anayehamia kwa mke. Lakini mama, mgeni, hakuwa na nyumba pale, basi baba akabaki kwa dada yake pamoja na mke na mtoto. Shangazi hakulimeza hilo hata siku moja.

"Kaka," alimwambia baba mbele za watu, "huyu jini hatoki kama mwenyewe bado yupo. Mkeo arudi kwao, ama mtoke wote."

Baba akatazama viatu vyake. Mpaka leo nikivikumbuka vile viatu nachemka.

Mama hakulia. Alichota maji kwenye glasi akaiweka dirishani. "Kama ni udongo, utatuama," aliniambia. Hakikutuama kitu. Akaopoa majani yaliyooza, akasugua ukoga kwenye mawe. Wekundu ukazidi kukolea. Samaki wakaanza kuelea. Akaletwa mwalimu wa Kurani, akasoma, akapuliza, akaenda zake, na majirani wakajipanga ukutani kungoja. Ndipo mama alipoinusa ile glasi. Akainusa tena. Akacheka, kicheko kibaya.

"Jini gani huyu ananuka duka la nguo?"

Akachukua ndoo, akaanza kuyamwaga maji. Watu wakapiga kelele, oo, atamuudhi, oo, atatumaliza sote! Mama hakugeuka. Chini kabisa, kwenye matope, akasukuma jiwe na kuvuta shiromani yake, ile nguo nyekundu wanayojitanda wanawake wa Ndzuani. Ilikuwa mpya, bado inachuja rangi. Tangu mambo yaharibike alikuwa haivai nje, kwa kuwa ilimtambulisha kutoka mbali. Aliifungia sandukuni.

"Mmeona!" shangazi alipaza sauti. "Jini kamchukulia nguo yake!"

"Wifi," mama alisema taratibu, "jini gani anafungua sanduku kwa ufunguo, kisha analifunga tena? Ufunguo wa pili unao wewe."

Nilisubiri watu wamgeukie shangazi. Hakuna aliyegeuka. Jirani mmoja alikohoa, akasema, "Haya, alhamdulillahi, jini ametoka," na wote wakaenda kula. Shangazi akaingia jikoni kana kwamba ameitwa.

"Yamekwisha, mke wangu," baba alisema. "Kaa."

Mama aliikamua shiromani, akajitanda hivyo hivyo ikiwa mbichi, ikimchuruzikia miguuni, akaanza kufunga mizigo. Tulivuka kwa boti ya mizigo, maana ndege za kwenda Ouani, uwanja wa Ndzuani, zilikuwa zimesimama. Baba hakuja.

Nikadhani Mutsamudu nitapumua. Ng'o! Nilisema Kingazidja, watoto wakaniiga na kunicheka, jina langu likawa Wa Moroni. Haukupita muda mtoto wa jirani akashikwa na homa. Mama yake akaja mlangoni kwa bibi, tulikofikia, hata salamu hakutoa, akanikazia macho.

"Huyu wa Moroni alimgusa mwanangu?"

Mama alikuwa ndani, alisikia. Nikangoja acheke kile kicheko chake, amuulize yule mwanamke swali moja tu la kumziba mdomo. Alitoka akifuta mikono, akamwomba radhi. Kisha akaniambia niingie ndani, nisicheze tena na watoto wa watu.

Nilimkasirikia kwa hilo miaka mingi, nikimwona mwoga. Sasa na mimi ni mama, na nimeishi ugenini, nikasingiziwa yangu. Hakuwa mwoga. Alikuwa ameshajaribu mara moja, mchana kweupe, kuwaonyesha watu ukweli kwa mikono yake, nao wakautazama vizuri, kisha wakamchagua jini.