Upande wa Baba Mdogo

Mwaka wa sitini na saba, vita vya Israeli na Waarabu vilipopiganwa na kwisha ndani ya siku sita, baba yangu alifurahi kama mtu aliyepata mjukuu wa kwanza. Alikuwa mzee wa kanisa la Kisabato pale kwetu karibu na Marani, na Israeli aliyoisikia redioni kwake ilikuwa ile ile aliyokuwa akiihubiri tangu sijazaliwa. Sabato iliyofuata alisimama mbele akatoa shukrani ndefu mpaka watoto wakasinzia. Mimi niliitikia amina kwa sauti. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa shule ya msingi, na sikuwa na shaka na neno lolote la baba, labda tu alipotaja bei ya ng'ombe wake.

Aliyenitia shaka ni msichana wa darasa la saba. Nilikuwa nimewachorea ramani ubaoni, nimejaa maarifa ya redio, akanyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, hao walioshindwa, wengine sasa wanakaa wapi?" Nikamwambia tungefika huko muhula ujao. Ulikuwa uongo. Sikujua, na wala sikuwa nimewahi kujiuliza.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira yangu ya kwanza huniangukia mwenyewe. Jioni ile ile niliandika barua mbili kwenda Nairobi, moja kwa ubalozi wa Israeli na nyingine kwa ubalozi wa nchi moja ya Kiarabu, nikiomba vitabu vya historia kwa ajili ya shule. Miaka hiyo balozi ziligawa vijitabu bure, na ukiandika kwa Kiingereza cha adabu ulijibiwa. Vikaja vyote viwili kupitia sanduku la posta la shule, vyenye karatasi laini inayong'aa na picha nzuri.

Nilivisoma kwa zamu nikiwa nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa nje ya jikoni, na kichwa kikaniuma. Si kwamba kimoja kilisema kweli na kingine uongo. Ingekuwa hivyo ningelala vizuri. Kila kimoja kilikuwa kimeanza kuhesabu kutoka siku tofauti. Kimoja kilianza na watu waliofukuzwa zamani, wakateswa kila walikokwenda, wakachinjwa Ulaya kwa mamilioni, hatimaye wakarudi. Kingine kilianza na watu waliokuwa wakichuma zeituni zao mpaka wakatoka majumbani mwao na mabunda kichwani, wakidhani wangerudi baada ya wiki chache. Kila mwandishi alipofika kwenye machozi ya mwenzake alifunua ukurasa haraka. Nililia kwa vyote viwili, na nikaapa nitatafuta kitabu kimoja ambacho watu wa pande zote wangeweza kukisoma bila kukitupa motoni.

Nikanunua daftari kubwa. Ukurasa wa kushoto niliandika ya Wayahudi, wa kulia ya Wapalestina, mwaka kwa mwaka. Njia hiyo sikuibuni. Niliipata kwa baba.

Wakati huo serikali ilikuwa ikipima mashamba ya Kisii ili kila mtu apewe hati yake, na baba alikuwa katika kamati ya wazee walioamua mipaka. Alikuwa na desturi yake, na watu walimwita mpaka vijiji vya mbali kwa sababu yake. Hakunywa uji katika boma la mgomvi yeyote kabla hajamaliza kesi. Alisimama kwanza katika shamba la mlalamikaji, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha aliruka ua, akasimama katika shamba la yule mwingine, akamwambia naye aanze. Alisema akisikiliza akiwa upande mmoja tu, masikio yake huota mizizi hapo.

Ndiyo maana nilimpelekea daftari langu kwa kujiamini. Alivaa miwani, akasoma kurasa za kushoto taratibu, akiguna kwa kuridhika. Za kulia alizifunua tu kama mtu anayetafuta senti iliyoanguka.

"Tata," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita baba kwa Ekegusii, lugha tuliyosema nyumbani, "mashambani unavuka ua. Hapa mbona umesimama upande mmoja?"

"Huko Mungu amekwisha kupima," akajibu. "Wewe mwalimu unataka kupima upya?"

"Nataka kusikia tu."

"Kawaambie wapike chai, mwalimu. Wageni wanakuja."

Tulinuniana wiki mbili. Nilijiona mimi ndiye mtu wa haki pekee kati ya Marani na mji wa Kisii, na nadhani nilitembea hivyo pia, shingo juu.

Sasa nimlete baba mdogo, maana bila yeye haya yote ni majivuno tu. Babu yangu alikuwa na wake wawili. Kwetu kila mke hupewa mashamba yake, na mashamba ya mama huenda kwa wanawe. Baba yangu ni wa nyumba ya kwanza. Nyumba ya pili ilimzaa baba mdogo peke yake, kisha mama yake akafariki mtoto akiwa bado ananyonya. Bibi yangu, yule mke wa kwanza, alimchukua akamlea, na akalima lile shamba la marehemu ili apate cha kumlisha. Likalimwa hivyo miaka na mikaka. Nilipopata akili lilikuwa shamba letu la pareto, jeupe kwa maua kuanzia mtoni hadi njiani, na mimi nilisomeshwa ualimu kwa maua hayo. Baba mdogo alikuwa amekwenda Kericho kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, na alikuja nyumbani Desemba tu.

Siku ya kupima shamba hilo hakuwepo. Wengine walisema alipelekewa habari, wengine walisema hapana. Baba alipaswa kukaa kando kwa kuwa jambo lilimgusa, lakini wazee wenzake walimwomba aendelee, wakasema hawamjui mwenye haki kumzidi. Akafanya kama alivyozoea. Alisimama upande wa nyumba ya kwanza akaeleza yetu. Akavuka, akasimama katika pareto, upande wa nyumba ya pili, na kwa kuwa ndugu yake hayupo, akamsemea yeye mwenyewe. Nilikuwepo, nimeshika kikapu. Alimsemea kwa upole na kwa heshima, akianzia siku bibi alipoanza kulilima lile shamba. Kisha akarudi upande wetu akaamua kwamba shamba ni letu. Wazee walitikisa vichwa kwa kustaajabu haki ya namna hiyo, wapimaji wakapigilia vigingi, na mimi machozi ya fahari yakanilenga. Sikuona kosa lolote, mimi niliyekuwa na daftari la pande mbili.

Baba mdogo alifika Desemba akakuta ua mpya wa mikonge. Hakupiga kelele. Aliuzunguka mara moja, akaja kunywa chai kwetu, akaulizia afya ya kila mtu. Baba alipotoka kwenda kukamua, baba mdogo alivuta kigoda karibu nami.

"Nasikia wewe unaandika habari za watu waliogombania nchi," akasema. "Za huyu na za yule."

Nikamletea daftari mbio mbio. Yeye hakujua kusoma, kwa hiyo nikamsomea, na sijapata kuwa na msikilizaji kama yule tena. Nilipofika kwa waliotoka majumbani mwao aliniinulia kidole nisimame.

"Hao walisema hivyo wenyewe?"

"Hapana. Mwandishi ameeleza hali yao."

"Aha," akasema. "Kawasemea."

Akacheka kidogo, bila ubaya. Kisha akaniambia ameelezwa kwenye ofisi ya ardhi kwamba bado kuna siku za kuweka pingamizi, ila lazima liwe kwenye karatasi. Waandishi wa barua wa mjini hakuwaamini. Alitaka mtu wa nyumbani, anayejua kuandika ya pande zote. "Njoo Jumapili niko kwa mjomba wangu kule juu. Nikueleze tangu mama yangu alipoletwa katika boma hili. Uniandikie yangu, kama ulivyowaandikia hao wa mbali. Jumatatu asubuhi narudi kazini."

Nikasema nitakuja. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na viganja vyake vilikuwa vigumu na vyeusi kwa utomvu wa chai.

Jumamosi jioni, Sabato ilipokwisha, nikaletewa ujumbe na padri mmoja Mzungu wa misheni iliyokuwa upande wa Mosocho. Nilikuwa nimemsumbua miezi mingi. Kitabu nilichokitaka kilikuwa kimefika kutoka kwao, kinene, cha mwanahistoria aliyesifiwa na pande zote mbili, lakini padri alikuwa anasafiri likizo naye angeondoka nacho. Kama nilikihitaji, nije nikisome sebuleni kwake Jumapili.

Nilikwenda Mosocho. Nilitembea asubuhi na mapema na daftari chini ya kwapa, nikakaa kwenye kiti cha padri nikinakili hadi jua likapinda. Kitabu kilikuwa kizuri kweli. Hakikumkwepa mtu wala kufunua ukurasa haraka, na nilijua ningeweza kumjibu yule msichana wa darasa la saba. Njiani kurudi nilijiambia baba mdogo ataelewa, nitamwandikia barua asomewe na wenzake, siku za pingamizi bado zipo. Huo ndio msamaha niliojipa. Ukweli ni kwamba nilijua. Nilijua karatasi ile ingemhusu baba yangu, na pareto, na jina langu mwenyewe shuleni, na kile kitabu kinene kilinipa pa kujificha pazuri mno. Watu waliokufa mbali hawanitazami usoni nikila chakula cha jioni.

Jumatatu alikuwa ameondoka. Nilimwandikia barua moja, sikupata jibu, na sikuandika ya pili. Siku za pingamizi zikapita. Hati ikatoka kwa jina la baba. Baba mdogo hakuja tena Desemba.

Miaka ilikwenda. Vita vingine vikapiganwa kule mwaka wa sabini na tatu, na serikali yetu ikavunja uhusiano na Israeli. Baba alihuzunika mno, akawa anaizima redio kabla taarifa haijaisha. Mimi nilikuwa nimejaza madaftari manne. Walimu wenzangu walinitania, wakiniita balozi. Nami niliona raha, Mungu anisamehe.

Mwaka mmoja baadaye mfanyakazi aliyetoka Kericho alituletea habari kwamba baba mdogo ameaga dunia kwa homa ya mapafu.  Baba alivaa koti lake la kanisani, akaniambia nijitayarishe, tukashika basi kupitia Keroka na Sotik. Alikuwa na fedha za kukodi gari la kumleta nyumbani. Mwanamume wa kwetu huzikwa ubavuni mwa nyumba yake. Kumwacha alale kwenye ardhi ya tajiri ni aibu ambayo hata adui humwombei.

Mke wa baba mdogo tulimkuta nje ya kibanda cha wafanyakazi, kimoja katika safu ya vibanda vinavyofanana. Baba mdogo alikuwa amemwoa huko huko Kericho, mama wa kutoka Nyamira, na hatukuwa tumewahi kumwona. Alitukaribisha vizuri. Baba alikaa, akavua kofia, akasema amekuja kumchukua ndugu yake ampeleke nyumbani.

Mama mdogo akamwuliza,

"Shemeji, utamzika ubavuni mwa nyumba ipi?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, pengine ipo nyumba asiyoambiwa. Baba alifungua kinywa. Nilimwona akitafuta pa kuanzia, yeye aliyejua kueleza mashamba ya wilaya nzima, na hakupapata.  

Tulimzika pale, pembeni mwa chai, pamoja na wengine wa makabila yote, kila mmoja na kibao chake. Baba alichukua jembe kutoka kwa vijana akafukia mwenyewe, na koti lake la kanisani likajaa udongo. Baada ya hapo nilikaa na mama mdogo jikoni, nikamwuliza kama mumewe aliwahi kumweleza habari za mama yake na lile shamba, jinsi alivyozisikia yeye.

"Mimi hakunieleza," akasema. "Nilipomwuliza alisema kuna mwalimu nyumbani, atamweleza huyo."

Tulirudi na basi la mchana. Baba alikaa dirishani. Tulipoipita Sotik aligeuka, uso wake umezeeka kwa siku ile moja.

"Wewe unajua kuandika haya mambo," akasema. "Niandikie ya ndugu yangu. Nataka kuyasoma. Nitayasoma yote."

"Sina cha kuandika, Tata," nikamwambia. "Sikumwuliza."

Akanishika mkono, naye analia bila kujificha mbele ya abiria, na nikaanza kumsimulia nilikokuwa Jumapili ile.