Dereva wangu aliigiza mgonjwa kwenye training Njombe, ukumbi mzima tukampigia makofi

Wakuu, poleni na majukumu. Jambo hili ninalo tangu mwezi wa sita na kila nikianza kuandika nafuta. Leo liwalo na liwe. Sitatia chumvi hata punje, ila majina nimebadilisha kwa sababu wahusika tunaonana kila siku.

Mimi ni nesi wa gari la wagonjwa, Makambako. Ukisikia king'ora kinaelekea Njombe mjini, huenda niko nyuma nimeshikilia dripu ya mtu.

Dereva wangu namwita Baba Neema. Tuko pamoja mwaka wa nne. Ni mtu wa utani kupita kiasi, anaweza kukuchekesha ukiwa msibani ukaonekana huna adabu. Kwangu ni kaka kabisa.

Sasa tukaitwa training ya siku mbili Njombe mjini. Mada: namna ya kumhudumia mtu aliyepatwa na dharura ya afya ya akili.

Niseme ukweli, nilikwenda nimenuna. Sisi mgonjwa wa akili tulimjua kwa njia moja tu, wanaume wanne na kamba. Kamba yenyewe ilikaa garini, pembeni ya jeki. Nikajua tunakwenda kusomewa slides, tunywe chai, turudi.

Mwezeshaji alikuwa dokta mmoja mwanamama, sauti ya chini, hana haraka. Akauliza nani ana kamba kwenye gari lake. Mikono ikanyooka karibu yote. Hakutugombeza. Akasema mnazima king'ora kabla hamjafika nyumbani kwa mtu, anaongea mmoja tu, na mnamuuliza bila kuzunguka: unafikiria kujiua?

Ukumbi ukaguna. Huku kwetu kumuuliza mtu hivyo ni kama kumtakia mabaya. Dokta akasema kuuliza hakumpi mtu wazo, kunampa nafasi ya kusema.

Mchana tukaambiwa tufanye igizo. Baba Neema akanyanyua mkono kabla ya wote, eti yeye atakuwa mwanaume aliyejifungia ndani. Watu wakaanza kucheka hata hajainuka. Mimi nikapangwa kuwa nesi niliyeitwa na familia.

Akakaa nyuma ya meza, akatugeuzia mgongo, akaanza kuongea.

Wakuu, yule jamaa aliongea. Alisema amechoka. Alisema akifumba macho anaona kandambili ya bluu iliyobaki kwenye gari, na mwenyewe hakurudi kuichukua. Akasema afadhali amfuate huko aliko akampe.

Nilisikia mabati yakilia kwa upepo. Dada mmoja aliyetoka Iwawa alikuwa anajifuta machozi na kitenge.

Mimi nilikuwa na karatasi yangu ya maswali. Nikauliza jina, nikauliza nini kinamsumbua. Kabla sijafika kwenye lile swali, mtunza muda akasema muda umeisha.

Tukampigia makofi. Mnajua makofi ya semina, mnasugua viganja, mnapiga matatu kwa mpigo, mnamrushia mhusika. Mimi nilirusha kwa mikono miwili. Dokta naye alipiga. Baba Neema akasimama, akainama kama msanii, akatabasamu.

Sasa hapa ndipo huwa nakosa raha. Ile kandambili mimi naijua.

Wakati wa masika tulikwenda kumchukua mama mmoja mjamzito Kichiwa. Tukirudi gari likazama kwenye tope. Baba Neema alichimba kwa mikono, akakata matawi akatandika chini ya matairi, na mimi ndani nilifanya kila nilichofundishwa. Tulimpoteza pale pale barabarani. Kandambili yake moja ya bluu ilibaki chini ya machela.

Mimi nililia siku mbili, nikarudi kazini. Yeye hakulia. Alirudi na utani wake, nikasema huyu ana moyo mgumu. Hakuna aliyetuuliza chochote, na sisi wenyewe hatukuulizana.

Halafu naisikia ile kandambili kwenye igizo, najua imetoka wapi, na nawaza nini? Nawaza kwamba jamaa ana kipaji, ametumia mpaka kisa cha kweli. Nesi mzima!

Jioni tukaagana nje. Mimi nililala Njombe kwa shangazi, yeye akarudi kwake Makambako. Kabla hajaondoka akavua koti lake, lile zito lenye manyoya ndani, akanivalisha mabegani.

"Chukua sista, baridi ya huku inakuonea."

Nikamwambia na wewe je? Akasema yeye halihitaji tena. Nikacheka, nikalifunga zipu mpaka kidevuni.

Wakuu wa Dar hamtanielewa. Mtu wa huku hakupi koti lake mwezi wa sita. Anaweza kukupa ng'ombe, lakini siyo koti.

Kesho yake asubuhi ukungu umeshuka mpaka madirishani. Baba Neema hayupo. Dokta akauliza mwigizaji wetu yuko wapi, watu wakacheka, mmoja akasema ameshachukuliwa na Bongo Movie. Nami nilicheka.

Somo likaanza, dalili za mtu aliye kwenye hatari. Dokta akataja moja, mbili, nikawa naandika. Akafika kwenye mtu kuanza kugawa vitu vyake anavyovipenda.

Nikaacha kuandika. Nikatazama mikono ya koti.

Sikumbuki kama niliomba ruhusa. Nilijikuta nje napiga simu, haipatikani. Nikampigia mkewe. Mama Neema akashangaa, "Si yuko huko kwenu? Ameondoka alfajiri, akasema anawahi semina."

Nikampigia mzee Lukas, mlinzi wa pale Makambako tunapolaza gari la wagonjwa.

"Kamwene mwanangu. Yupo hapa, anaosha gari. Jana liliogeshwa, leo analiogesha tena, sijui lina harusi?"

Nikamwambia mzee wangu, nakuomba, usimuache peke yake hata dakika moja. Mpigishe stori yoyote. Usimwambie kama nimepiga.

Dokta alikuwa amenifuata nje. Nilipomweleza hakuuliza mara mbili. Alimwachia darasa mwenzake, tukaingia kwenye gari lake.

Ile lami naijua kona kwa kona, na siku ile ilikataa kuisha. Nilikuwa nakanyaga breki ambazo sina. Nilitaka apige honi, nilitaka nimpigie polisi, nilitaka niwapigie vijana wa kazini wamkamate wamfunge mpaka nifike. Ndiyo, nilitaka wamfunge. Siku nzima ya mafunzo na kichwa changu kilirudi kwenye kamba.

Dokta akaniambia taratibu, "Yuko na mtu. Wewe fikiria utamwambia nini."

Tulipofika tuliacha gari mbali, tukatembea. Mlango wa nyuma wa ambulansi ulikuwa wazi. Mzee Lukas alikuwa amekaa kwenye ndoo aliyoipindua, mbele ya mlango kabisa, anaongea tu. Aliponiona akanong'ona, "Nimemaliza stori zote za viazi, sasa niko kwenye parachichi. Ungechelewa kidogo ningeanza na ukoo."

Baba Neema alikuwa ndani, amekaa kwenye machela, upande wanaolala wagonjwa wetu. Mkononi ameshika ile kandambili. Kumbe hakuitupa. Miezi yote ile alikuwa nayo.

Nikapanda, nikakaa chini, kwenye sakafu yenye maji. Hotuba niliyopanga njiani ikapotea yote. Nikabaki na lile swali ambalo jana yake sikulifikia.

"Baba Neema, unafikiria kujiua?"

Hakushtuka. Alinitazama kama mtu aliyekuwa anasubiri zamu yake.

"Sista, jana nilisema mbele ya watu wote. Mkanipigia makofi."

Wakuu, sijawahi kupigwa kofi la namna ile na mtu ambaye hajainua mkono.

Nikamwambia nisamehe kaka yangu. Nikamwambia na mimi naiona ile kandambili. Hapo ndipo akalia, na mimi nikalia, na mzee Lukas akageukia getini akaanza kupenga kamasi. Dokta alikaa kwenye ngazi ya gari, hakutukatiza.

Baadaye alikubali mwenyewe twende hospitali. Dereva mwingine aliendesha, bila king'ora. Mama Neema tulimpitia, wakakaa wameshikana mikono njia nzima.

Alitibiwa, na bado anahudhuria kliniki. Ile kamba yetu siku hizi inafunga mbuzi wa mzee Lukas.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kukwambia shida yake mchana kweupe, kwa sauti, na usimsikie kwa sababu umezoea kumcheka. Na sisi tunaokimbilia dharura za wengine, nani hutuuliza sisi? Dokta amebadilisha training yake. Igizo likiisha hakuna makofi. Anamuuliza kwanza aliyeigiza, kati ya uliyosema, lipo la kwako? Mnasubiri ajibu.

Sijapona wasiwasi. Baba Neema akichelewa kupokea simu natembea chumba kizima mpaka apokee.

Manesi, madereva, zimamoto, polisi mliomo humu, mnayabeba vipi mnayoyaona? Andikeni, nasoma zote. Wa matusi pita kushoto.

EDIT: Kuna mkuu ameuliza kama koti nilirudisha.

Nilijaribu wiki ile ile, akakataa, akasema kaa nalo kwanza. Nikalivaa miezi mitatu na halikunipa joto. Juzi juzi nimefika kazini, nikamkuta ameegemea gari, amekunja mikono, anatetemeka.

"Sista, koti langu. Nimelihitaji."

Nikalivua pale pale. Nimerudi nyumbani na blauzi, meno yanagongana, nacheka peke yangu barabarani watu wananishangaa.