Maziwa ya Drocella

Mtu aliyekuamini miaka kumi na saba akianza kuogopa maziwa yako, utasema amerogwa?

Mimi sikusema. Baba yangu mdogo Barthélemy hutengeneza fromaji, jibini la milima yetu ya Masisi. Zamani alinusa tu, akajua lipi limeiva. Mwaka jana pua yake ikazima, na hakuna aliyejali. Kisha ikaja hofu. Anafunga mlango, anarudi kuutikisa, anakaa, anasimama tena. Kwaya akaiacha, na utani pia. Siku moja nilimkuta akilia mbele ya sufuria la maziwa.

"Sijue, mutoto wangu. Machozi inakuja yenyewe."

Mkono wake wa kuume ukaanza kutetemeka kidogo. Akauficha mfukoni.

Kwetu unyonge usioeleweka una jina moja: karuho, sumu ya kulishwa. Na sumu lazima ipate mwenye kuitia. Ukoo ukamchagua Drocella, mjane anayemletea maziwa kila asubuhi kwa miaka kumi na saba, maziwa ambayo sasa baba mdogo aliyaogopa.

"Njo yeye alimulisha," alisema shangazi Bibiche. "Samedi, siku ya posho, tutapeleka Barthélemy kwa muganga, amutapishe. Na ule mwanamuke ahame."

"Ahame aende wapi, shangazi?" niliwaka. "Mumeona nini?"

"Weye, université ilikufundisha kubishana. Kutapisha haikukufundisha!"

Wakacheka uani kote. Siku ile ile nilimpakia baba mdogo kwenye pikipiki, nikampeleka kwa daktari. Daktari alimwambia aandike jina lake mara tano. Herufi zilianza kubwa, zikaishia kama sisimizi. Akamtazama anavyotembea, akakunja na kukunjua kiwiko chake, akauliza juu ya pua, usingizi, furaha.

"Iko Parkinson, Papa. Ni bongo njo inagonjwa. Pua, woga, huzuni, vinaweza kuja mbele mukono ianze kutetemeka. Haiko sumu. Haiponake, lakini dawa ya kusaidia iko."

Jioni nilieleza yote. Shangazi akanikata: "Docteur wako naye iko mutoto." Baba mdogo akainuka kuutikisa mlango, mara tatu. Nililala na hasira. Masomo yangu yote hayakutosha kumlinda mama mmoja asifukuzwe kwake.

Asubuhi iliyofuata Drocella alikuja na bidoni yake ya maziwa, ukoo mzima ukimkodolea macho. Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza, ili ujue hakina kitu. Akamimina kikombe, akakiinua aonje. Baba mdogo akautoa mkono mfukoni, akakishika kikombe kabla hakijagusa midomo ya Drocella.

"Acha, dada. Ninaogopa, kweli. Lakini huu woga iko ya ugonjwa, haiko yako."

Akanywa. Nusu ilimwagikia shati. Akameza, akahema kama aliyepanda kilima, kisha akamnyooshea kikombe kikitetemeka.

"Ongeza."