Divai ya Bei Kali na Mahari ya Nadège

Nianze kwa kukiri, mwanangu: divai nyekundu naitia Fanta. Jambo hili nimelikana tangu nilipohitimu chuo kikuu. Nimelikana mbele ya wenzangu wenye shahada, mbele ya mume wangu, hata mbele ya daktari. Leo sikani tena, na anayetaka kucheka acheke akiwa ameketi, maana nina mengi ya kusema.

Kuna siku moja ya ujana wangu isiyonitoka. Usiku uliotangulia nilikuwa kwenye karamu ya profesa wangu, tukamiminiwa divai ya zamani, kidogo sana, kama dawa ya kikohozi. Wote walifumba macho, nami nikafumba. Kwa kweli ilikuwa na ladha ya mkanda wa ngozi uliolowa mvua, lakini nilisema "ina kina", na profesa akanitazama kama mtu aliyeokoka. Basi siku hiyo nikapita mtaa wa Kamalondo kwa shangazi yangu, fundi cherehani, akanimiminia divai yake tamu. Nikaisukuma pembeni.

"Shangazi, hii si divai."

Aliacha kukanyaga cherehani, akanijibu kwa Kiswahili chetu cha mtaani, kile kisemacho 'njo' kwa 'ndio' na 'bantu' kwa 'watu'.

"Ulimi yako njo ilipata diplôme, ao weye? Mwezi yenye ilipita ulikunywa hii hii, ukaomba ingine. Nani alikuambia sasa iko mubaya?"

Nilikasirika, kama wasomi tufanyavyo tukiulizwa swali rahisi.

Nimeyakumbuka hayo mwaka huu, kaka yangu Célestin alipotaja mahari ya binti yake Nadège. Mbuzi, sawa. Vitenge, sawa. Suti ya baba, sawa. Kisha akaongeza chupa moja ya divai fulani ya Ufaransa, ile inayofungiwa nyuma ya kioo katika duka moja la mjini, karibu na manukato. Mchumba, Trésor, ni kijana anayechomelea mageti huko Ruashi. Alianza kuweka akiba, na kila alipokaribia, bei ilikuwa imepanda tena. Mwishowe tukasikia anatafuta mtu wa kununua mashine yake ya kuchomelea.

Nikaenda kwa kaka kumwomba aiondoe chupa ile.

"Kama bei inapanda, njo kusema iko muzuri," alisema. "Bantu ba maana banajua."

"Na toka mwezi yenye ilipita imezidi utamu? Iko palepale nyuma ya kioo, taa inaichoma!"

"Weye mwenye kutia Fanta mu divai, utanifundisha nini?"

Kumbe alijua siku zote.

"Ndiyo, natia! Na natia mingi!"

Mwanangu, sisemi kwamba divai zote ni sawa. Divai mbaya ipo. Nimeshaamka na maumivu yake ya kichwa. Ukitoka kwenye chupa ya bei ya chini kabisa ukapanda kidogo, tofauti utaihisi hata kama hujui lolote. Ukivuka hapo, hununui tena kinywaji. Unanunua uchache wake, jina lake, na hofu yako ya kuonekana mshamba. Bei hupanda kwa sababu matajiri wa mbali wanagombania chupa ambazo wengi wao hawatazifungua kamwe, na ulimi wako haumo katika ugomvi huo. Wakikuambia hujui divai, kubali kwamba hujui, kisha waombe wao wakuonyeshe ujuzi wao, ila chupa ifunikwe jina kwanza. Utaona watakavyokumbuka kwamba wana safari. Wala usimfanye mtu auze kinachomlisha ili wewe ushike glasi kwa madaha. Kunywa unachokipenda, pamoja na unaowapenda. Mungu akupe meza iliyojaa watu, na kinywa kisichoona haya kusema kilichoonja.

Hotuba hii yote nilimtolea kaka yangu, nayo haikumgusa hata kidogo. Kilichomgusa ni simu.

Kwetu, siku ya mahari, kabla ya mtu yeyote kugusa kinywaji, binti huitwa mbele ya familia zote mbili na kuulizwa: tunywe? Akisema hapana, ndoa haipo, na kila mtu anarudi kwao na kiu yake. Hakuna anayeweza kumjibia, hata baba mzazi. Nilikuwa bado nimekaa pale wakati Nadège alipopiga kutoka kazini, na kaka, ambaye hupenda watu wasikie simu zake, akaweka sauti ya nje.

"Papa, ile chupa yako, Trésor akiileta, siku yenye mutaniuliza kama mukunywe, miye nitajibu hapana. Mbele ya bantu bote."

"Nadège! Unakataa bwana yako?"

"Bwana namutaka. Chupa njo nakataa. Akiuzisha mashini, tutakula kizibo?"

Kaka alinitazama. Mimi nikatazama dari.

"Basi muambie alete bière, bia ya kila siku," akasema mwishowe. "Lakini iwe ya baridi."