Dari ya Chumba cha Mtoto

Dari ya chumba cha mtoto ilianguka Jumamosi asubuhi, mke wangu akiwa hospitalini na binti yetu aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Nilikuwa jikoni nachemsha chai niliposikia kishindo. Nilipopanda juu nilikuta lipu ya zamani ya chokaa imerundikana, pamoja na fito zake, juu ya kitanda kidogo tulichomwandalia.

Mchana mke wangu akapiga simu. "Wamesema tutaruhusiwa Alhamisi. Umeshatundika pazia?"

"Bado kidogo," nikamjibu. Sikumwambia.

Nyumba yetu ya mtaa wa Bordesley Green, huku ughaibuni, ilikuwa imepita miaka mia, na vyumba vingine vyote vilikuwa na ukungu ukutani. Nesi alikuwa ametuonya kwamba mapafu ya mtoto hayangestahimili ukungu wala vumbi. Niliwapigia simu mafundi watano. Aliyekuwa na nafasi ya karibu alitaja wiki tatu. Basi nikaenda kununua bodi za jipsamu za kufunikia dari, mimi ambaye kazi yangu ni kuendesha basi.

Siku mbili nilizoa kifusi na kufuta vumbi. Jumanne nikapandisha bodi ya kwanza, nikiibeba kwa kichwa na mkono mmoja, drili mkono wa pili. Skrubu ikapita kwenye bodi, ikazama hewani. Hapakuwa na boriti pale. Nikajaribu kando, hewa tena. Nilikuwa nimepima kana kwamba boriti za nyumba ile zimeachana sawasawa. Shingo ikanishinda, bodi ikaniponyoka, ikanigonga bega na kuvunjika vipande viwili. Nikakaa sakafuni nikalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zangu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani wa upande wa pili wa ukuta, mzee kutoka Bukavu, ambaye hadi siku hiyo tulikuwa tukisalimiana tu. Alikuwa amesikia kishindo. Akapanda ngazi polepole kwa sababu ya magoti yake, akatazama juu, akanitazama na mimi.

"Papa, iyi kazi haiko ya mutu moya," akasema.

"Mtoto anakuja keshokutwa, mzee."

"Basi tuanze."

Alichora kwa penseli ukutani alama ya kila boriti. Akapigilia ubao mfupi kwenye ncha ya mrefu, ukawa kama herufi T, tukautumia kuitegemeza bodi darini huku mimi nikikaza skrubu. Safari hii zilishika.

Jumatano mchana, mzee akiwa ameketi kupumzisha magoti, nilimpigia mke wangu nikamweleza yote.

"Ungeniambia," akasema.

"Ningekuambia ungefanya nini?"

"Ningeogopa pamoja na wewe."

Jioni tukafunga bodi ya mwisho. Nikaziba maungio kwa utepe, nikafagia, nikapangusa kwa kitambaa kibichi, nikapangusa tena.

Alhamisi walifika. Mtoto alikuwa mdogo kuliko mto wake. Mke wangu alizunguka chumba akiwa amempakata, akiitazama dari ile ya kijivu isiyopakwa rangi.

"Itakaa?" akaniuliza.

"Mzee anasema itakaa."

"Na wewe?"

Nikasema sijui. Akamlaza. Nje lori likapita, vioo vya dirisha vikatikisika, na sote wawili tukamwinamia mtoto kwa pamoja, tukimfunika kwa migongo yetu.