Kokwa ya Tende Chini ya Kidole

Enzi zetu pale mtaani kwetu Darsait, kabla simu hazijaweza kuimba kwa sauti yoyote unayoitaka, alasiri zilinukia kahawa ya iliki, na zumari la mfuko wa kubana kwapani la Mjomba Nasor lilisikika hadi ghorofa ya juu. Mjomba alipiga kwenye bendi. Zumari lake hilo dogo lilikuwa na matundu ya vidole na vibonyezo vya shaba pembeni, kwa sauti zile ambazo matundu peke yake hayazitoi.

Arusi ya Khalti Moza, mdogo wake mama, ilipokaribia, Bibi Zuwena, muimbishaji wetu, alitaka zumari kwenye nyimbo za wanawake. Mjomba haingii kwa wanawake. "Basi atapiga huyu mtoto, mwanafunzi wake," Bibi akasema, na mimi nikakosa usingizi. Wimbo niliujua, lakini kwa kuanzia sauti moja tu. Bibi akishafurahi huupandisha sauti katikati, wala hamngoji mtu.

Wimbo ukipanda, vidole navyo huhama. Kidole cha mwisho kinabonya kibonyezo, huku cha pete kikibaki kimeziba tundu lake. Changu cha pete kilimfuata mwenzake kila mara, zumari likalia kama mbuzi.

"Ndugu hao, hawataki kuachana," Mjomba akacheka. Akanipa kifimbo cha kusukumia chapati, akanibanisha kokwa ya tende chini ya kidole cha pete. "Sasa chezesha kile kidogo. Ikianguka, okota, anza tena. Mie nna subira kuliko wewe."

Nilikula tende mpaka mama akaficha sahani.

Siku ya arusi Bibi akapandisha wimbo. Kidole cha pete kikatulia. Akanigeukia, macho yamemtoka: "Ee! Kumbe umo!" Akapandisha tena, na hapo nikapotea kabisa. Wakacheka, wakaimba bila mimi, nikawadaka kwenye kiitikio.

Siku hizi arusi ziko hotelini, muziki unatoka kwenye spika, na Bibi hatunaye. Binti yangu ana kinanda cha umeme. Akitaka wimbo upande, anabonya mara moja, vidole vyake viko likizo. Mimi humtania hivyo. Lakini juzi nilimkuta jikoni, zumari la Mjomba liko mezani, yeye kashika kifimbo cha chapati, ulimi nje.

Kokwa ikaanguka.

"Okota," nikamwambia.

"Nshaiokota, Mama. Wewe subiri tu."